Njia Imefupika, Wajibu Haukufupika

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatandikia waja wake ardhi wakaitembea, na akawafungulia anga wakaipita. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, msimu wa Hija ukikaribia mazungumzo ya barazani hubadilika. Utasikia watu wakiulizana bei ya tikiti, na ndege inaruka saa ngapi, na sanduku lisizidi uzito gani. Hayo yote ni mambo ya kuulizwa, wala si aibu kuyauliza. Lakini katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha yaliletwa usiku mmoja maswali mawili ambayo yalituonyesha ya kwamba ndege imetufupishia njia, na sisi tukadhani imetufupishia na dini pamoja nayo.

Swali la kwanza lilitoka kwa kijana. Alisema: "Maalim, safari ya Jidda siku hizi ni saa nne. Mtu amekaa kitini, hewa baridi yampuliza, chakula chamjia mbele yake. Hii ndiyo safari ya kupunguziwa sala? Mimi naona mwenye kukasiri ndani ya ndege ajitafutia wepesi asioustahiki."

La pili lilitoka kwa mzee mmoja aliyehiji mwaka uliotangulia. Alisema: "Mimi, Maalim, niliambiwa na wenzangu kuwa ihramu tutavaa Jidda. Nikalala. Nilipoamka ndege iko chini. Nikavaa pale pale uwanjani, nikanuia, nikaenda zangu Makka. Tangu niliporudi moyo haunitulii. Je, nina nini juu yangu?"

Ukiyasikia maswali haya juu juu, utadhani hayana udugu. Wa kwanza aona wepesi umezidi, na wa pili ameuchukua wepesi usiokuwa wake. Lakini shina lao ni moja. Wote wawili wameipima sharia kwa mshale wa saa. Mmoja amesema: madamu saa ni chache, hapana safari. Na mwengine amesema: madamu saa ni chache, hapana haja ya kujitayarisha njiani, tukifika tutafanya. Na sharia haikupimwa kwa saa. Imepimwa kwa mahali na kwa masafa, na hayo hayakubadilika tangu zama za Mtume mpaka hivi leo.

MASAFA YA NJIA

Kwanza tuijue njia yenyewe. Mombasa iko digrii 4 kusini ya Ikweta, na Jidda iko digrii 21 na zaidi kaskazini yake. Baina ya viwanja vya ndege vya miji hii miwili, lau mtu ataruka moja kwa moja, ni kilomita zipatazo 2,850. Wengi katika mahujaji wetu hupitia Nairobi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 420 hivi kwa njia ya anga, na kutoka Nairobi hadi Jidda ni kilomita zipatazo 2,570. Masafa haya ya pili ndege huyakata kwa muda wa saa tatu na nusu hadi saa nne, kwa kuwa ndege kubwa ikishatulia juu huenda mwendo wa kilomita 850 hivi kwa kila saa, na muda uliobaki hutumika katika kupanda na kushuka.

Na katika njia hii pana jambo ambalo wazee wetu walilijua kabla ya kuziona ramani za wageni. Mombasa na Makka ziko takriban katika mstari mmoja, mmoja kusini na mwengine kaskazini, zote zikiwa baina ya digrii 39 na 40 mashariki. Ndiyo sababu watu wa pwani hii upande wa kaskazini waliuita kibla. Saa yetu na saa ya Makka ni moja, msafiri hana haja ya kugeuza mshale. Na jua la adhuhuri, likisimama juu ya miji hii miwili, tofauti yake haitimii hata dakika moja.

Kwa chombo cha tanga njia hiyo haikuwa mstari ulionyoka. Nahodha aliungojea upepo wa kusi, akaifuata pwani ya Wasomali, akaizunguka Rasi ya Guardafui, akaingia Ghuba ya Aden, akapita Bab el-Mandeb, ndipo akaiona Bahari ya Shamu. Njia hiyo hupita kilomita 4,000. Aliyekosa kusi alikaa mpaka kusi nyengine, na aliyetaka kurudi aliungojea upepo wa kaskazi. Ibn Battuta, alipozuru pwani yetu mwaka 1331 na akalala usiku mmoja katika kisiwa cha Mombasa, alieleza kuwa kutoka Zeila hadi Mogadishu peke yake alikaa baharini siku 15. Leo siku 15 ni muda ambao hujaji wa pwani aweza kwenda, akahiji, na akawa yuko njiani kurudi kwake.

Hii ni neema, wala hatusemi vyengine. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nahl amewakumbusha watu ya kuwa wanyama huwachukulia mizigo mpaka nchi ambazo wasingezifikia ila kwa mashaka ya nafsi. Akataja farasi na nyumbu na punda, kisha akajulisha kuwa Yeye huumba na vile tusivyovijua. Basi ndege imo katika vile ambavyo waliotangulia hawakuvijua. Mwenye kuipanda amshukuru aliyemtiishia, wala asiikufuru neema kwa kuifanya sababu ya kupuuza amri.

SALA YA MSAFIRI

Sasa tumjibu kijana wetu. Shaka yake si mpya. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 101, ruhusa ya kupunguza sala imetajwa pamoja na khofu ya adui. Yaala bin Umayya akamwuliza Umar bin Al-Khattab, Mungu amwie radhi, vipi watu wapunguze nao wako katika amani? Umar akamjibu kuwa naye alilistaajabia jambo hilo hilo, akamwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akamjulisha ya kuwa hiyo ni sadaka Mwenyezi Mungu amewapa waja wake, basi na waipokee. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim.

Itazame, ewe ndugu. Imeitwa sadaka, haikuitwa ujira. Ujira hupewa mtu kwa kadiri ya jasho lake. Sadaka hutolewa kwa ukarimu wa mtoaji. Mtu akiletewa kitu na mkubwa wake, kisha akakirudisha kwa kusema "mimi sikuchoka", huyo hakuonyesha utawa. Ameonyesha upungufu wa adabu.

Na lau ruhusa hii ingefungwa na uchovu, basi ingekuwaje? Mchukuzi wa magunia pale Kilindini huchoka tangu asubuhi hata jioni zaidi ya kila msafiri wa ndege, wala hapana mwanachuoni aliyemruhusu kusali adhuhuri rakaa mbili, kwa kuwa yuko mjini kwake. Uchovu hauna kipimo: huyu huchoka kwa hatua mia, na yule hachoki kwa maili kumi. Kwa hivyo sharia ikaiweka hukumu juu ya kitu kinachopimika, nacho ni safari. Taabu ni hekima ya ruhusa, wala si sababu yake.

Katika madhehebu yetu ya Shafi safari ndefu ni marhala mbili, nazo ni farsakhi 16, yaani maili 48 za Kihashimi. Wanavyuoni wa zama zetu wamezikadiria kwa vipimo vya leo kuwa baina ya kilomita 80 na 90. Na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na mwaka 1277, amebainisha katika Minhaj yake ya kuwa bahari ni sawa na bara katika kipimo hiki, na ya kuwa mtu akizikata maili hizo baharini kwa saa moja tu, atakasiri. Fikiri! Mtu asiyepata kuona moshi wa meli wala kusikia mvumo wa ndege amemjibu kijana wetu karne saba kabla hajazaliwa.

Basi atokaye Mombasa kwenda Kilifi hakasiri, hata akienda kwa miguu na nyayo zikamchubuka, kwani ni kilomita 60 hivi. Na aendaye Malindi hukasiri, hata akienda katika gari nzuri akiwa amelala, kwani ni kilomita 120 hivi. Na aendaye Jidda hukasiri kwa saa nne kama alivyokasiri babu yake kwa miezi.

Lakini hapa pana jambo ambalo watu wengi hulikosea. Ruhusa huanza mtu anapoyaacha majumba ya mji wake, wala haianzi kwa kukata tikiti. Mkazi wa kisiwa cha Mombasa akivuka Makupa hajatoka mjini, kwani kutoka Changamwe mpaka Port Reitz majumba yamefuatana, na uwanja wa ndege umo humo. Basi akiwa pale uwanjani akingojea, na asali sala kamili, wala asijumuishe. Ama ndugu yetu wa Lamu, uwanja wake uko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya maji. Huyo akishapanda chombo kikang'oka, amekwisha kuuacha mji wake, na akisali Manda, na safari yake ni ndefu, aweza kukasiri. Na akifika Makka, akiwa ameazimia kukaa siku nne kamili bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, atasali kamili kama mkazi.

Ama sala ndani ya ndege, asiiache ikapita wakati wake. Adhuhuri hujumuishwa na alasiri, na magharibi na isha. Alfajiri haina mwenziwe. Ikiwa itaingia na kutoka kabla ya kushuka, basi lazima isaliwe juu. Asimame akipata pa kusimama. Na kibla kisimhangaishe sana, kwani kama tulivyosema, njia ya Jidda kutoka kwetu ni kuelekea kaskazini. Sehemu kubwa ya safari hiyo pua ya ndege iko upande wa kibla, na viti vyote vimeelekea huko.

MIKATI ANGANI

Tuje kwa mzee wetu. Katika hadithi ya Ibn Abbas, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwawekea watu wa Madina Dhul-Hulayfa, na watu wa Sham Juhfa, na watu wa Najd Qarnul-Manazil, na watu wa Yemen Yalamlam. Akajulisha kuwa mahali hapo ni pa watu hao na pa kila mwenye kupitia hapo akikusudia Hija au Umra, ingawa si mwenyeji wa huko. Asipite ila naye amekwisha kuhirimia.

Huenda mtu akasema: mimi sikupita Yalamlam, nimepita angani. Jawabu yake imo katika tendo la Umar. Watu wa Iraq walimlalamikia kuwa Qarn iko kando ya njia yao na kuifuata ni mashaka. Hakuwaambia waiache mikati, wala hakuwalazimisha kupinda njia. Aliwaamuru watazame mahali palipo sawa na hapo katika njia yao wenyewe, akawawekea Dhatu Irq. Kwa hukumu hii ya kulingana na mikati, wasafiri wa bahari walihirimia katikati ya maji kwa karne nyingi, na kwa hukumu hii hii msafiri wa ndege huhirimia angani.

Ndege itokayo kusini huijia Jidda kwa upande wa Bahari ya Shamu, na mikati yake ni Yalamlam, ambayo iko kama kilomita 100 kusini ya Makka. Lakini mtu akizungukia nchi za Ghuba, ndege yake huja kutoka mashariki, na mikati yake ni Qarnul-Manazil. Na anayekwenda Madina kwanza hana haja ya ihramu ndani ya ndege. Huyo atahirimia Dhul-Hulayfa siku atakapotoka Madina kwenda Makka. Basi na aijue njia ya ndege yake kabla ya kuondoka, kama babu yake alivyoijua njia ya jahazi.

Sasa hesabu. Mwendo wa kilomita 850 kwa saa ni kilomita 14 kwa kila dakika. Msafiri wa ngamia alifika mikati, akatua, akaoga, akasali, akavaa, akanuia, na mikati haikumkimbia. Leo usingizi wa robo saa wapita kilomita 200. Anayesema "nitafanya tukikaribia" tayari amekwisha kuchelewa.

Kwa hivyo na aoge nyumbani. Avae nguo zake mbili kabla ya kupanda, au azitie katika mfuko wa mkononi, wala asiziache katika sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Na ajue ya kuwa kuvaa si ihramu: ihramu ni nia. Aweza kuvaa Mombasa, akakaa na nguo zake kama mtu mwengine, kisha akanuia anapolingana na mikati. Mara nyingi wahudumu wa ndege hutangaza, lakini si kila ndege hutangaza, na si kila mtu husikia. Mwenye kuogopa usingizi au kusahau na atangulize nia kabla ya kufika, kwani ihramu ya kabla ya mikati husihi, na kutangulia kidogo ni salama kuliko kuchelewa kidogo. Na ikiwa nguo zimekwenda na sanduku, asiiache nia kwa ajili ya nguo. Avue kofia, shati na kanzu, ajifunge kikoi kisichoshonwa, na mabega ayafunike shuka. Asiyepata ila suruali, hadithi sahihi imemruhusu kuivaa asiyepata shuka ya kujifunga.

Na uadilifu wa elimu watutaka tuseme ya kuwa jambo hili lina khitilafu. Ibn Hajar Al-Haytami, katika wakubwa wa madhehebu yetu, aliona katika Tuhfa yake kuwa mwenye kuja kwa bahari kutoka Yemen aweza kuichelewesha ihramu mpaka Jidda, kwa kuwa kwake masafa ya Jidda hadi Makka ni kama masafa ya Yalamlam. Wanavyuoni wengine wa madhehebu hawakumwafiki. Na katika zama zetu, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Amman mwaka 1986, iliamua kuwa ni wajibu kuhirimia kutoka mikati kwa kila apitaye hapo au alinganaye napo, akiwa nchi kavu, baharini au angani. Kauli hii ndiyo tunayoifuata, na ndiyo yenye kuutuliza moyo.

Basi tulimwambia mzee: lau ungalikuwa umemfuata Ibn Hajar kwa kujua, tusingalikuwa na la kukulaumu. Lakini wewe hukumfuata mwanachuoni, umeufuata usingizi. Uliyepita mikati bila ya nia ulitakiwa urudi mpaka hapo kabla hujaanza ibada yoyote. Hukurudi, basi una damu juu yako, nayo ni kuchinja mbuzi au kondoo katika ardhi ya Haramu ya Makka, wakapewa mafakiri wa huko. Si lazima uende mwenyewe. Mpe wakala muaminifu anayekwenda mwaka huu. Hija yako ni sahihi, wala usiitie shaka.

HATUA MIA MBILI

Tulidhani mambo yamekwisha. Mzee akainamisha kichwa, kisha akasema maneno ambayo tangu usiku ule hayajatutoka. Alisema: "Maalim, nilijua bei ya tikiti. Nilijua uzito wa sanduku. Nilijua ndege inaruka saa ngapi. Mahali pa kunuia sikupajua, wala sikuuliza." Akanyamaza kidogo, akaendelea: "Na kondoo nitamchinja, ni jambo jepesi. Lakini liko jengine. Baba yetu alipokufa aliacha shamba la minazi. Mimi ndimi niliyelishika. Dada yangu sikumpa fungu lake. Nikasema, mwaka ujao, mwaka ujao. Leo ni miaka tisa. Na nazi zile ndizo zilizonunua tikiti."

Darsa nzima ilinyamaza. Tukamwuliza: dada yako akaa wapi? Akasema: "Mtaa wa pili na mimi. Kutoka mlangoni kwangu mpaka mlangoni kwake hazipiti hatua mia mbili."

Ndugu zetu, yazingatieni masafa haya. Kilomita 2,850 mtu amezikata kwa saa chache, na hatua mia mbili hakuzikata kwa miaka tisa.

Hapa ndipo tunapotaka kuyapeleka maneno yetu. Zamani, aliyenuia Hija alijua kuwa huenda asirudi. Bahari ina mawimbi, njia ina maradhi na wanyang'anyi. Kwa hivyo kabla ya kupanda chombo alilipa deni, akarudisha amana, akaandika wasia, akabisha hodi mlango kwa mlango kuomba radhi. Leo mtu hujua, au hudhani ajua, kuwa atarudi baada ya siku chache. Sanduku hulitayarisha wiki mbili, na moyo wake hautayarishi hata saa mbili. Radhi huomba kwa neno moja kwa watu wote, "mniwie radhi, jamaa", hali aliyemdhulumu ni mmoja, naye amjua kwa jina. Kisha hufanywa karamu ya kumwaga, watu hujaa uwanjani kumsindikiza, na mwenye haki yake amesimama nyuma ya watu, hana la kusema.

Mwenyezi Mungu katika Suratul-Hajj amewasifu wenye kuijia Nyumba yake kwa miguu na juu ya kila mnyama aliyekondeana, kutoka kila njia ya mbali. Mnyama yule alikondeshwa na njia, na aliyempanda naye alikonda pamoja naye, kiburi kikapungua, tamaa ikapungua. Ndege haikondi. Na anayeipanda hushuka mnene kama alivyopanda, ila awe amejikondesha mwenyewe kabla ya kuondoka.

Lakini tusije tukadhani kuwa urefu wa njia peke yake humtakasa mtu. Hasha. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtaja mtu aliyerefusha safari, nywele zimemtimka, vumbi limemjaa, ainua mikono yake mbinguni kumwita Mola wake, hali chakula chake ni cha haramu, na kinywaji chake ni cha haramu, na vazi lake ni la haramu. Mtume akastaajabu: mtu huyo atajibiwaje? Basi huyo njia ilikuwa ndefu wala haikumfaa kitu. Ukiiweka hadithi hii pamoja na kisa cha mzee wetu, utaona ya kuwa urefu wa njia hauokoi, wala ufupi wake hauangamizi. Kinachookoa ni zadi. Na Mwenyezi Mungu alipoamuru mahujaji wachukue zadi, katika Suratul-Baqara, alijulisha kuwa zadi iliyo bora ni ucha Mungu.

Ama Hija iliyofanywa kwa mali ya dhuluma, wanavyuoni wengi wamesema faradhi humwondokea, lakini dhambi hubaki pale pale, na kukubaliwa ni jambo jengine. Na fungu la mwanamke katika mirathi si hisani ya kaka yake. Limekatwa na Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, nusu ya fungu la mwanamume, na asiyempa ameshindana na Aliyekata. Wala haki hii haigeuki damu ya kuchinjwa Makka. Mafakiri wa Haramu wakila kondoo elfu, dada wa mtaa wa pili hajapata hata nazi moja.

Mzee wetu, Mungu amrehemu duniani na akhera, hakungoja asubuhi. Baada ya sala ya Isha alitoka na watu wawili wa darsa kuwa mashahidi, akaenda akabisha hodi. Yaliyosemwa ndani ni ya kwao wenyewe. Tunalolijua ni kuwa shamba lile lilipimwa, na mazao ya miaka tisa yanahesabiwa.

Basi ewe unayenuia mwaka huu, usiulize tu ndege itakaa juu saa ngapi. Jifunze njia yako, na mikati yako, na sala yako, kwa anayejua, nawe ungali hapa. Kisha hesabu milango unayodaiwa, na uitembee mmoja mmoja kwa miguu yako, kwani hapana ndege iendayo huko. Ukimaliza, panda salama, na kibla kiko mbele yako.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awakubalie mahujaji wetu Hija yao, awarudishe kwao salama, na atusamehe sisi na wao. Wabillahit-tawfiq.